Marufuku Kutaja Mnyama

Jumatatu, 9 Juni. Mawingu tangu alfajiri, upepo wa baridi, jua halikuonekana mpaka saa nne.

Siku mbaya. Naandika kila kitu kwa mpangilio, isije ikasemwa baadaye kwamba mimi ndiye niliyeanza.

Babu Mkasi anastaafu Jumamosi. Macho yake hayauoni tena mstari wa chaki. Meza yake ya kukatia, ile pana ya dirishani, inatafuta mtu, na watu wenyewe ni wawili tu: mimi, na Tausi wa cherehani ya pili. Tausi si jina lake. Nilimpa mimi mwaka juzi, kwa maringo yake. Nilikusudia tusi. Akalipokea kama zawadi, na sasa hata wateja wanamwita hivyo.

Kazi yangu ni kupima. Mimi napima, Babu Mkasi anakata. Lakini utepe hausemi yote. Unasema kiuno ni inchi ngapi, hausemi mwenye kiuno anasimamaje. Kwa hiyo pale kwetu, tangu kabla sijaajiriwa, mpimaji hutaja namba, kisha hutaja mnyama, na mkataji anajua la kufanya. Mgongo wa kobe: ongeza kitambaa nyuma. Shingo ya twiga: inua kola. Kiuno cha nyigu: bana ubavuni. Si matusi. Ni ufundi.

Leo amekuja mama wa bibi harusi. Mtu mzima, mkoba wa ngozi, sauti ya kuzoea kusikilizwa. Anataka gauni lake na magauni ya wasimamizi wawili, harusi Jumapili. Nikampima vizuri. Nikapaza sauti kama siku zote: mgongo wa kobe, shingo ya twiga, nyonga za kiboko!

Hakuna aliyekuwa amemweleza mama wa watu. Aliondoka na utepe wangu ukiwa bado umemzunguka kiunoni.

Madamu, mwenye duka, akatusimamisha mstari kama wanafunzi. Akasema hapa si zizini. Kuanzia leo ni marufuku kutaja mnyama, ndege, samaki wala mdudu. Atakayetaja atavaa aproni ya waridi. (Ilishonwa kwa mteja mmoja ambaye alipoiona alikana kwamba ni yake. Ina marinda mpaka masikioni.) Ataivaa mpaka mwenzake ateleze na kuipokea. Na atakayekutwa nayo Jumamosi saa kumi jioni, tukifunga, aisahau meza ya Babu Mkasi. Mkataji ni uso wa duka, alisema, na uso una mdomo.

Moyoni nilishangilia. Tausi anaongea kutwa kama kasuku! Hamalizi hata nusu saa. Meza ni yangu.

Nikaketi, nikasema, Tausi, nipitishie mkasi.

Nilijitetea kwamba lile ni jina la mtu. Madamu akauliza ni nani aliyempa.

Marinda yanawasha shingoni.

Jumanne, 10 Juni. Manyunyu asubuhi, halafu jua la kuchoma.

Mpango wa Kwanza. Kuna kitambaa cha nguo za watoto chenye picha za tembo. Nikakitandaza mbele ya Tausi. (Kazini simwiti tena Tausi, namwita Dada, na anavyolipokea utadhani nimemvika taji.) Nikamuuliza kwa upole, Dada, hizi ni picha za nini? Akainama, akatazama kama daktari. Akasema ni yule mwenye mkonga. Nikamuuliza jina lake. Akasema limemtoka, nimkumbushe mimi niliyesoma sekondari.

Nyoka yule! Vizuri daftari halina masikio.

Mpango wa Pili ulikuwa wa kisomo. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa Kiingereza wa kidato cha tatu, aliyetukaririsha misemo mpaka tukaiota. Waingereza nao wamejaza zizi mdomoni. Kwao mvua ikizidi, ni paka na mbwa wanaodondoka kutoka juu. Aliyetoa siri amemtoa paka kwenye mfuko. Mwenye pupa anaambiwa ashike farasi zake, hata kama hana hata baiskeli. Nikawaza hivi: Tausi anapenda kuwarushia wateja Kiingereza. Nikiuanza msemo nikauacha nusu, ulimi wake hautavumilia. Ataumalizia.

Manyunyu yalikuwa bado yanadondoka. Nikatazama dirishani, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba naona leo mvua itanyesha kama... nikaacha. Tausi akaendelea kupiga pasi. Nikarudia, itanyesha vipi, Dada? Akajibu, itanyesha sana. Nikamwambia Waingereza hawasemi hivyo. Akaniuliza, kwani wao wanasemaje?

Nikamwambia.

Madamu alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikamweleza kwamba wale walikuwa wanyama wa Kiingereza, na marufuku yake ilitolewa kwa Kiswahili.

Akasema, "Mnyama wa Kizungu naye ni mnyama."

Kumbe aproni ina kofia yake! Imeshonwa kwa kitambaa kilekile. Madamu aliitoa kabatini kama aliyekuwa anaisubiria siku hiyo.

Mungu si wa mmoja. Babu Mkasi alicheka mpaka akashika meza. Akajifuta macho, akasema tumwache apumue, siku hizi amechoka kama punda. Niliruka kutoka kitini. Punda! Nimesikia, mmesikia! Nikamvisha mwenyewe, aproni na kofia, kabla hajamaliza kukohoa. Ajabu ni kwamba amevipenda. Alijitazama kwenye kioo cha wateja na kusema marinda yanampa mabega.

Jumatano, 11 Juni. Jua mapema, joto, hakuna hata jani lililotikisika.

Mama wa bibi harusi amerudi. Amezunguka kwa mafundi wote, hakuna mwenye nafasi kabla ya Jumapili. Alinirudishia utepe wangu ukiwa umekunjwa vizuri, hakuniangalia. Madamu alimpokea mlangoni, akampa kiti chenye mto, akamhakikishia kwamba mambo yamebadilika.

Nilikuwa nimejiandaa. Ufundi hauwezi kufa kwa sababu ya aproni. Usiku uliopita nilibuni lugha mpya, yote ya vyombo vya jikoni. Kobe ni birika. Twiga ni chupa. Kiboko ni sufuria. Asubuhi nilijaribu kumfundisha Babu Mkasi. Akasema amebakiza siku tatu kazini, hana nguvu za kuhamia jikoni.

Nikapima hivyo hivyo. Namba kwanza. Kisha, kwa heshima zote, nikaita: mgongo wa birika!

Mama akageuka taratibu. Akaniuliza birika ni nini.

Nilitaka kumtoa wasiwasi. Nia yangu ilikuwa njema kabisa. Nikamwambia asijali, mama yangu, birika maana yake ni kobe tu.

Chaki ilimdondoka Babu Mkasi. Akaanza kuvua aproni kifungo kimoja kimoja, kwa huzuni, kama mtu anayerudisha koti la kuazima alilolizoea. Madamu akaamuru kwamba kuanzia sasa zitajwe namba tupu. Babu Mkasi akasema namba tupu zinavalisha mlingoti, hazivalishi mtu. Hakuna aliyemsikiliza. Akakata kwa namba.

Tausi alinisaidia kufunga kamba za kofia kidevuni. Alifunga kwa upendo mno.

Alhamisi, 12 Juni. Baridi kidogo, ukungu mpaka saa mbili.

Mpango wa Tatu. Niliuandaa tangu jana jioni. Mtu akishtuka hasemi mwenye mkonga wala mwenye pembe. Husema jina. Kwa hiyo ashtuliwe.

Shangazi, ninayekaa naye, alinikuta nimepiga magoti chini ya sinki nikiwa na kopo na tochi. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema kidonge cha uzi. Akasema yeye tangu azaliwe hajaona uzi unaokimbizwa.

Nikampata mmoja mkubwa, wa kahawia, mwenye afya.

Saa tano hivi, Tausi akiwa ameinamia pindo la gauni, nikafungua kopo chini ya cherehani yake na kulisukuma kwa mguu. Mende akatoka. Akapanda kiatu cha Tausi. Nikashika pumzi. Tausi akatazama chini. Akatazama tena. Kisha akamchukua kwa kipande cha kitambaa, kama mtu anayeokota kifungo, akamrusha upande wa pili wa chumba. Bila neno!

Upande wa pili wa chumba alikuwa Madamu.

Sikujua kwamba Madamu anaweza kupanda meza ya kukatia bila ngazi. Alipanda. Akapiga kelele mende, mende, jamani mende, mara ambazo hazihesabiki, na wateja wawili waliokuwa nje wakaendelea na safari yao. Kisha sisi wote tukatazama aproni. Madamu naye akaitazama. Babu Mkasi akasema taratibu kwamba sheria haina mwenyewe.

Naandika jambo hili kwa fahari: Madamu alinyoosha mikono. Nikamvisha aproni. Nilikuwa namfunga kofia wakati Tausi alipoinama, akaokota kopo langu, na kuliweka mezani.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Makopo yangu yote yana karatasi. Vifungo vyeupe. Vishikizo vidogo. Zipu fupi. Na hili nalo nililibandika karatasi jana, kwa mwandiko wangu mzuri: MENDE, MMOJA.

Madamu akaamua kwamba mnyama aliyeandikwa ni mnyama aliyetajwa. Alivaa aproni kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Ijumaa, 13 Juni. Jua na mawingu yakipokezana. Upepo wa vumbi mchana.

Siku ya kujaribisha gauni. Mama wa bibi harusi akaingia chumba cha pazia. Akatoka.

Sitaki kuandika sana. Mbele gauni lilifika kwenye viatu, nyuma lilipanda mpaka kwenye mashavu ya miguu. Kola ilikaa chini huko, mbali na shingo, kama haijui kama wanahusiana. Kila namba ilikuwa sahihi. Nilipima tena, inchi kwa inchi. Sahihi! Gauni lilimtosha mtu mwingine kabisa mwenye namba zake.

Mama hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa kwenye kile kiti chenye mto, akashika pindo, akasema mtoto wake ni mmoja tu, na picha za siku ile zitakaa ukutani mpaka yeye afe. Madamu akakosa pa kuweka mikono. Tausi akaacha cherehani. Hata mimi, ndani ya marinda yangu, nilijisikia vibaya.

Kisha mama akanyoosha kidole kwangu.

"Yule alisema kobe. Kobe mnamkataje?"

Babu Mkasi akamweleza. Unaongeza vidole vitatu nyuma, unapunguza mbele, na mshono wa bega unausogeza kidogo, na gauni linashuka sawasawa pande zote. Mama akafikiri. Akauliza na twiga je. Babu akasema shingo hiyo ni heri, wanawake wengi wanakufa wakiitamani, kola inasimama yenyewe.

"Basi nikatieni kobe na twiga," akasema mama. "Kiboko mfanyeni, lakini msimtaje."

Babu Mkasi akafumua yote, akakata upya. Mimi nilisimama karibu na kumwonyesha kwa vidole, kwa sababu siruhusiwi kusema. Tausi alishona mpaka jioni bila kuinua kichwa. Gauni limekaa. Limekaa hasa. Mama alizunguka mbele ya kioo mara tatu, na akaniaga mimi wa kwanza.

Nikamfuata Madamu, nikamwambia sasa ameona mwenyewe, wanyama ni ufundi, aproni ivuliwe. Akakubali kwamba Jumatatu marufuku itaondolewa. Lakini neno la Jumamosi ni la Jumamosi. Saa kumi.

Nimebakiwa na siku moja. Nimemwomba Shangazi msaada. Alikataa. Nikamwahidi nitamshonea sketi. Akauliza sketi ya namna gani.

Jumamosi, 14 Juni. Anga jeupe, joto, mbu wengi kuliko kawaida.

Mpango wa Nne na wa mwisho. Shangazi aingie kama mteja, akae karibu na Tausi, ampigishe soga mpaka ulimi ulegee. Mtu hajilindi mbele ya mwanamke mzima aliyekuja kupunguza sketi.

Alifika saa nane. Wakaelewana mara moja, jambo ambalo sikulipanga. Walizungumza bei za vitambaa, magoti, majirani. Wakacheka. Saa tisa bado wanacheka, na Tausi ni msafi kama maji ya chupa. Nikajibanza nyuma ya pazia la chumba cha kujaribishia, sikio nje. Saa tisa na nusu nikasikia Shangazi ananisema mimi. Anasema sina mpango, nahangaika ovyo, nilikimbiza uzi chini ya sinki. Na Tausi akamjibu, tena kwa sauti yake ya kawaida:

"Huyu binti yenu ana kichwa cha panzi, Shangazi, lakini..."

Sikungoja lakini. Nilitoka na pazia. Panzi! Panzi ni mdudu, na mdudu yumo! Madamu akakiri kwamba mdudu yumo. Tausi akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akanyoosha mikono, nikamvisha aproni na kofia. Vinampendeza. Hilo nalo liliniudhi.

Sasa nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Nikanyamaza. Nilibana midomo mpaka meno yakauma. Madamu akaniuliza kama nataka chai, nikatikisa kichwa. Babu Mkasi akaniuliza kama nimefurahi, nikatikisa kichwa upande mwingine. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea kama kinyonga.

Kumi kasoro dakika chache, Babu Mkasi akaleta mkasi wake mkubwa kwenye kitambaa cheupe. Pale kwetu mkasi haupokelewi hivi hivi. Anayeupokea husimamishiwa mtu, humwangalia kwa macho tu, bila utepe, kisha husema mwili wake kwa sauti ili wote wasikie kama amejaliwa jicho. Yeye alifanya hivyo kwa aliyemtangulia. Nilikuwa nimesikia habari hiyo, sikuwahi kuiona.

Madamu akasema yeye ndiye atakayesimama. Anataka gauni jipya. Akasimama katikati ya chumba, akainua kidevu.

Na mimi nikamwona. Sijui niandikeje. Kwa miaka yote nimemwona Madamu akipita, sikuwahi kumtazama. Sasa yote yakawa wazi kama yamechorwa kwa chaki: hapa ongeza, hapa inua, hapa legeza. Nilijua gauni lake litakavyokaa kabla ya kukata hata uzi. Mkono ulinisisimka. Sikukumbuka saa, aproni wala meza. Nikafungua mdomo nikasema kwa sauti nzuri, iliyotulia, ya mkataji kamili:

"Kifua cha jogoo, mgongo wa ngamia, makalio ya bata."

"Sahihi kabisa," akasema Babu Mkasi.

Kisha saa ikagonga.

Tausi alinivisha mwenyewe. Safari hii hakukaza kamba. Naye aliposimamishwa mbele ya Madamu, akasema kwamba mwili wa Madamu haumpi shida mkataji yeyote. Akakabidhiwa mkasi.

Jumapili, 15 Juni. Mvua fupi alfajiri, kisha anga safi kabisa. Siku nzuri ya harusi, kwa wenye harusi.

Msafara wao ulipita mtaani kwetu saa tano. Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama kwenye gari la wazi, kola juu, gauni limeshuka sawa mbele na nyuma. Akaniona dirishani. Akanipungia mkono, halafu akajigonga mgongoni na kucheka. Nilimpungia na mimi.

Shangazi ameniambia jana nilikimbia kabla maneno hayajaisha. Nikamwambia nilichosikia kilitosha. Akasema hakikutosha, akanimalizia. Tausi alisema nina kichwa cha panzi, lakini jicho langu la kupima halina mwenzake, na kwamba nikiondoka mimi, mkataji yeyote atakayekaa pale atakata magunia. Shangazi akasema, "Msichana yule alikuwa anakutetea, mwanangu." Akaniacha na hilo, akaenda kujaribu sketi yake mpya ambayo bado sijaikata.

Nimekaa nayo maneno haya mchana kutwa. Nimeyapima kila upande, kwa makini, kama mtu aliyesoma.

Magunia! Kumbe amekiri mwenyewe. Bila mimi hakuna mkataji pale.

Kesho marufuku inaondoka. Nitakuwa naita wanyama, Tausi atakuwa anakata. Na je, nikikosea kidogo? Nikiona kobe nikaita twiga? Wiki moja tu ya twiga, na Madamu atakuja mwenyewe kuniomba niende dirishani. Nimeandaa orodha: kobe awe twiga, nyigu awe kiboko, bata abaki bata, kwa kuwa huyo Madamu ameshamjua.

Endapo itashindikana, nimeosha lile kopo na kupita tena chini ya sinki. Nimebandika karatasi mpya, kwa mwandiko mzuri zaidi ya ule wa mwanzo: MENDE, WAWILI.

Nalala saa sita kasoro robo.